Harusi Kileleni Raudhetta

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Msemo huu ni mtamu mdomoni mwa mtu ambaye hajawahi kupotea. Aliyepotea hasa, tena mbele ya watu, huuona mchungu kama shubiri, maana watu wa bondeni wakishapata cha kucheka hawaachi upesi. Ukitaka ushahidi, muulize Ragnfrid.

Ragnfrid alizaliwa chini ya mlima Raudhetta, mahali ambapo mtoto hujua alama za mlimani kabla ya kujua herufi. Akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili alipewa heshima ya kuwaongoza watu kumi na mmoja hadi kileleni. Ukungu ukashuka ghafla. Naye akafanya kama alivyofunzwa: akafuata marundo ya mawe yanayoonyesha njia, moja baada ya jingine. Kumbe wageni waliopita kiangazi hicho walikuwa wamejijengea marundo yao kwa mchezo tu, wakapiga picha, wakaenda zao! Marundo hayo yalimpeleka nyuma ya mlima, akahangaika na watu wake kwa saa sita kwenye ukingo wa mwamba, mpaka wakaibukia bonde la jirani wakiwa hoi. Tangu siku hiyo hakuongoza tena hata kondoo, na watu wakawa wakimtania kwamba alitaka kuwafikisha Uswidi, nchi ya jirani.

Mtu mmoja tu hakunung'unika. Huyo ni Eilert, kijana wa Bergen aliyekuwa akisomea elimu ya miamba. Kila baada ya hatua chache alipiga magoti, akapapasa mwamba na kushangilia.

"Mlima wenu umepinduka!" alimwambia Ragnfrid. "Zamani za kale nchi mbili ziligongana, mwamba mkongwe ukapanda juu ya mwamba kijana. Huu wa chini ni laini, unamomonyoka. Wa juu ni mgumu, haubanduki. Ndiyo maana ukingo huu umeuzunguka mlima kama mshipi kiunoni."

"Tumepotea," Ragnfrid alimjibu, machozi yakimlengalenga.

"Ndiyo, lakini tumepotea pazuri."

Mwaka uliofuata Eilert alimposa Ragnfrid palepale kileleni, kando ya rundo kuu la mawe. Ndiyo sababu binti yao wa pekee, Sunniva, aliapa tangu utotoni kwamba hataolewa mahali pengine.

Siku ya harusi ikawadia, Jumamosi moja ya Agosti, miaka thelathini na miwili baada ya aibu ile. Mbingu ilikuwa safi. Sunniva alivaa vazi la asili la bonde lao, lenye vifungo vya fedha, na miguuni viatu vya mlimani. Bwana harusi, Jostein, alibeba mkoba uliojaa keki nyembamba zilizookwa kwenye chuma na jibini la kahawia. Mbele yao alisimama Halvor, mdogo wake Ragnfrid na mwenyekiti wa chama cha wapanda mlima.

"Dada, wewe kaa nyuma," Halvor alisema. "Leo tunakwenda kileleni, hatuendi Uswidi."

Watu wakaangua kicheko. Ragnfrid naye akacheka, lakini moyoni alichomwa, kama alivyochomwa kila mwaka.

Walipofika nusu ya mlima, furaha iliingia mchanga. Mvua za wiki ile zilikuwa zimeporomosha mawe, na njia yote ilikuwa imefukiwa. Halvor aliyatazama kwa muda, akatikisa kichwa.

"Tugeuke. Sheria ya mlima inasema si aibu kugeuka. Ndoa itafungwa kule chini, kwenye maegesho ya magari."

"Kwenye maegesho, mjomba?" Sunniva alilia. "Pale karibu na vyoo?"

Eilert alimgusa mkewe kiwiko. "Ragnfrid, ule ukingo. Mwenyewe unaujua."

Ragnfrid alimtazama binti yake akifuta machozi kwa ncha ya shali. Miaka thelathini na miwili ya kufunga mdomo ikamtosha.

"Njia ipo," alisema.

"Ipi?" Halvor akauliza. "Ile ya Uswidi?"

"Hiyohiyo! Siku ile palikuwa na ukungu, leo unaona mpaka baharini. Nilizunguka kule saa sita, Halvor, nikalikanyaga kila jiwe. Wewe hujapotea kule hata siku moja, utapajulia wapi?"

Mchungaji Åshild, aliyekuja kufungisha ndoa, akatazama saa yake. "Mimi nina ubatizo saa kumi. Kama tunakwenda, twende."

Ragnfrid akatangulia. Alitembea taratibu, kiganja chake kikipapasa mwamba mweusi, mkongwe na mgumu, huku chini yake ule wa kijivu ukichanikachanika kama keki ya tabaka. Walipita penye vito vyekundu vilivyompigisha Eilert magoti siku ile, naye akapiga magoti tena, ikabidi avutwe mkono. Kisha ukingo ukagawanyika.

"Hapa nilishuka," Ragnfrid alisema. "Ndilo lililokuwa kosa langu. Leo tunapanda."

Wakapanda. Hata nusu saa haikupita, wakatokea nyuma ya rundo kuu la mawe, upepo ukiipeperusha shali ya bibi harusi. Ndoa ikafungwa, watu wakapiga vifijo, machungwa yakamenywa, na kila mmoja akaongeza jiwe lake kwenye rundo kama ilivyo desturi. Ragnfrid alilia kwa furaha bila kumficha mtu machozi yake.

Halvor alitoa kitabu cha kileleni kwenye sanduku la bati lililo kando ya rundo, kile ambacho kila anayefika huandika jina. Aliandika polepole, kisha akampa dada yake asome: "Kiongozi: Ragnfrid. Njia: ya Uswidi."

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "wiki ijayo nitaleta rangi nyekundu tuipake alama njia hii. Utanionyesha pa kupaka?"

"Nitakuonyesha," Ragnfrid alijibu huku akicheka. "Na pa kutopaka pia."

Hakika, kupotea njia ndiko kujua njia.