Nafasi Iliyobaki Kwenye Kontena

Ndugu zangu, leo naomba tuyaache mashamba na mbegu, twende bandarini. Maana nikiwatazama mlivyokaa hapa naona wenye maduka wengi kuliko wenye majembe, na sitashangaa nusu yenu mkiwa na mzigo baharini wakati huu ninapozungumza.

Alikuwepo mfanyabiashara mmoja, muuza masinki, koki na vigae. Mtu wa bidii, hana makuu, amekwenda viwandani kule ng'ambo mara nyingi hata mawakala wa mizigo wanaijua sauti yake. Na kontena alijua kulipanga. Vigae chini, masinki juu yake, na penye upenyo wowote alichomeka kitu, kwa sababu hakupenda kusafirisha hewa. Biashara yake ilikua kwa tabia hiyo, na wenzake walimsifu kwayo.

Mtu huyu alikaa na mama yake mzazi, na mama masikio yalikuwa yanamtupa. Ukitaka akusikie sharti umwinamie na upaaze sauti. Sasa mwana anarudi jioni amechoka, nguvu za kupaza sauti hana, basi mazungumzo yao yakabaki "Umekula, mama?" na "Nimekula." Siku moja mama akamwita.

"Mwanangu, dada yangu wa Korogwe kaniita," akasema. "Ana neno anataka kuniambia kabla hajafa. Lakini sauti imemkauka, siku hizi ananong'ona tu. Mimi na masikio haya nitasikia nini?"

"Nitafute mtu wa kwenda nawe akusikilizie?"

"Hapana. Tumenuniana miaka kumi na mmoja, mimi na dada yangu. Neno hilo si la kupitia kwa mtu."

Mwana akaguswa. Akaahidi kumwagizia kifaa cha kuvaa sikioni, na kweli wiki ile ile akakinunua, tena kizuri, kutoka kiwanda kilicho jirani na kile cha masinki yake. Kifaa chenyewe kadiri ya kiberiti. Wakala wake kule akampigia simu.

"Bosi, hiki nikipandishe ndege? Siku sita unacho."

Mwana akafikiri. Kontena lake lilikuwa linapakiwa siku zile zile, na kati ya maboksi mawili ya koki palikuwa na upenyo. "Kiweke humo humo kwenye kontena," akasema. "Nafasi ipo."

Niambieni, ndugu zangu, hapo alikosa nini? Hakumnyima mama yake. Alifanya alivyozoea kufanya kila siku.

Kontena likakaa wiki tatu linangoja kujaa. Lilipopandishwa melini, meli ikalishusha bandari ya njiani lisubiri meli nyingine, na huko nako likalala. Kila asubuhi mama anauliza, "Kimefika?" Na mwana anamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Meli haiharakishwi, mama. Haraka haraka haina baraka." Mtu akitaka kumchelewesha mwenzake, methali hazimwishii. Mama akaridhika, kwa sababu alichojua yeye ni kwamba vitu vya ng'ambo huja kwa meli. Akawa anaahirisha safari, akitaka aende kwa dada yake akiwa na sikio linalosikia.

Ikaja simu kutoka Korogwe kwamba asingoje tena. Mama akapanda basi na masikio yake yale yale.

Alimkuta dada mtu kitandani, amebaki macho tu. Mgonjwa akaashiria wote watoke. Mama akaweka sikio midomoni pake, na dada akanong'ona. Akanong'ona muda mrefu, mpaka machozi yakamtoka. Mama alichopata ni pumzi ya moto sikioni, basi. Alikuwa anaombwa msamaha? Alikuwa anasamehewa? Au lilikuwepo jambo dada alitaka alijue? Hakulijua. Na angewezaje kumwambia "sikusikii, rudia" mtu aliyekwisha kutumia nguvu zake za mwisho? Akaitikia kwa kichwa. Dada akafumba macho ametulia, na siku ya tatu wakamzika.

Kontena lilifika siku kumi na tisa baada ya mazishi. Mwana alikwenda bandarini mwenyewe, akahangaika na forodha, akakitoa kile kifaa kabla ya kigae hata kimoja. Akaja nacho nyumbani, akamvalisha mama kwa mikono yake.

"Unanisikia, mama?" akamwuliza, kwa sauti ya kawaida.

"Nakusikia, baba."

Akaketi karibu naye, moyo umemjaa. Kabla hajasema simu ikaita. Alikuwa mteja anayetaka kipuri. "Kidogo hicho?" mwana akamjibu. "Usitie shaka, nakipandisha ndege. Wiki haiishi unacho mkononi."

Akakata simu. Mama alikuwa anamtazama.

"Kumbe huwa vinakuja na kwa ndege?"

Mwana akaiweka simu chini.

"Huyo unayemletea kwa ndege," mama akauliza taratibu, "ana mgonjwa?"

"Hapana, mama. Ni kipuri cha pampu ya kuoshea magari."

Mama hakugomba. Alikivua kile kifaa, akakirudisha kwenye boksi lake, akafunga kifuniko. Tangu siku ile mwana akawa anajibiwa kwa kichwa tu, kama alivyojibiwa yule dada.

Ndugu zangu, msimrushie mtu huyu mawe, mtanipiga na mimi. Inaniuma kumsimulia, kwa sababu alimpenda mama yake. Alimpenda, akamweka kwenye nafasi iliyobaki. Na sisi je? Mteja akipiga tunapokea hata tukiwa na tonge mdomoni. Baba akipiga tunasema nitampigia nikitulia. Mke ana neno tangu mwezi uliopita, anaambiwa tuongee wikiendi. Hata Mungu tunamchomeka kati ya maboksi, dakika mbili kabla ya usingizi, halafu tunashangaa kwamba hatumsikii. Wageni tunawapandishia ndege. Wa kwetu, kwa kuwa wanatuvumilia, tunawapeleka kwa meli.

Yupo mtu anakunong'onia leo. Unamjua, jina lake limekujia nikiwa naongea. Sitawaambia tusimame tuimbe. Atakaye kutoka nje akapige simu, atoke sasa, sitamwona mkosefu wa adabu. Wimbo utatungoja, yeye pengine hawezi.