Masale ya Korongoni

Mtu mmoja aliachiwa na baba yake kihamba chenye mpaka wa masale. Jina lake Elisaria. Kihamba, kwa wasiokijua, ni lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba huko mlimani Kilimanjaro. Mtu huzaliwa humo na kuzikwa humo. Na isale ni mmea mwembamba wenye majani marefu. Haupikwi wala haulishwi ng'ombe, na mgeni anaweza kuupita asiutazame mara mbili. Lakini watu wa kule waliyapanda masale mipakani ili ardhi isigombaniwe, wakayapanda makaburini ili wafu wao wasisahauliwe, na mtu aliyemkosea mwenzake alichuma jani moja, akalifunga fundo, akampelekea. Aliyepelekewa jani hilo hakuwa na ruhusa ya kulikataa. Angeweza kufoka mpaka sauti imkauke, ila mwisho wake ulikuwa ni kusamehe.

Elisaria alifanya kazi mjini miaka mingi. Aliporudi alitaka boma lake lionekane boma la mtu aliyetembea. Akaagiza mawe ya ukuta na geti la chuma, na masale yakawa yanaziba njia ya msingi. Akasema ni majani ya kishenzi, hayana faida, yanafuga nyoka tu. Vibarua wakayang'oa yote, hata yale ya kaburini kwa babu yake, wakayabwaga korongoni.

Kaka yake Ndekirwa, ambaye kihamba chake kilipakana na hicho kwa upande wa juu, alishuka mbio, jembe bado mkononi, akauliza kulikoni. Elisaria akamwambia akae na majani yake huko juu, awaache watu waliostaarabika wajenge. Alimwambia hivyo mbele ya vibarua, jamani! Kaka mtu, aliyembeba mgongoni kumvusha mto siku za mvua! Ndekirwa aliliweka jembe begani. Alipanda kilima polepole akarudi kwake, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumbani kwa mdogo wake.

Ukuta ukasimama, na haki ya Mungu ulipendeza. Watu walipita wakisifu. Jirani wa kulia akaona naye asipitwe, akang'oa masale yake akajenga. Wa kushoto naye vivyo hivyo. Haukupita muda, kilima karibu chote kikawa kuta na mageti, na kila mtu akawa anamsikia jirani yake kwa sauti tu, hamwoni.

Binti wa Elisaria, Aikande, alikuwa bado msichana mdogo ukuta ulipojengwa. Akakua, akaposwa na kijana mwema, na siku ya kumtoa ikapangwa. Sasa, kwa desturi yao, binti hatoki nyumbani mpaka baba yake mkubwa amshikie kata ya mbege, ile pombe ya ndizi, anywe kidogo, naye anywe, kisha amtamkie baraka. Elisaria alidhani jambo hilo litarukwa. Alisema mchungaji atamwombea, yatosha. Aikande akamjibu kwa upole, lakini kwa uso ambao baba yake aliujua, maana ulikuwa uso wake mwenyewe.

"Baba, mchungaji ataniombea kanisani, nami nitashukuru. Lakini hapa nyumbani, bila baba mkubwa, sitoki."

Basi Elisaria akaanza kuhangaika. Alimtuma mtu kwa Ndekirwa na salamu, salamu zikapokewa, mwenyewe hakuja. Alituma blanketi zito, zuri. Likarudi. Alituma mbuzi dume aliyenona, na mbuzi naye akarudi kabla jua halijazama, ameshiba, amesafishwa, kamba yake imekunjwa vizuri juu ya shingo. Elisaria akakasirika sana. Akamwambia mkewe kwamba kaka yake ana roho ngumu, kwamba anataka kumwaibisha mbele ya wakwe, kwamba hakuna kitu duniani kitakachomridhisha.

Mkewe alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Baba Aikande, mbuzi anaweza kurudishwa. Blanketi linaweza kurudishwa. Wewe unakijua kisichorudishwa, sema unaona haya."

Elisaria alitoka nje kwa hasira, na huko nje hasira ikamwisha, maana alijua. Akaenda kutafuta jani la isale nyumbani kwake. Alizunguka ukuta wote kwa ndani, akauzunguka kwa nje. Kulikuwa na maua ya kununua, mekundu na ya njano, na majani yaliyokatwa kwa mkasi. Akaenda kaburini kwa babu yake, akakuta saruji. Akaenda kugonga geti la jirani wa kulia, akaomba jani moja tu. Jirani akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Isale? Elisaria, si wewe uliyetuonyesha kwamba ni ushenzi? Nilikufuata wewe, bwana!"

Kwa jirani wa kushoto hakuchekwa, lakini jani hakupata. Alisimama barabarani, mtu mzima mwenye mvi, mwenye ukuta na geti, naye hana kitu cha kushika mkononi ili aseme nimekosa. Siku hiyo aliogopa. Aliona harusi ya mwanawe inavunjika, na aliyeivunja ni yeye mwenyewe kwa mdomo wake.

Akakumbuka korongo. Labda shina moja lilikuwa limeshika udongo, labda limechipua. Akashuka akishikilia vichaka, akapekua kwenye upupu na mawe mpaka mikono ikamwasha. Hakukuta hata mzizi. Alipopanda kutoka korongoni, akatokea upande wa juu, kwenye uzio wa kaka yake, mahali ambapo hakuwa amefika tangu siku ile. Na hapo akasimama.

Masale yalikuwa yamepangwa mstari kwenye mpaka wote wa Ndekirwa, marefu kupita mtu. Nyuma ya mstari huo ulikuwapo mwingine, wa ndani, usiokuwa na kazi yoyote, kwa sababu hakuna anayepanda mpaka mara mbili. Katika mstari huo wa ndani kulikuwa na isale moja lenye shina lililopinda chini na kovu la kamba. Elisaria alilijua lile kovu. Hapo ndipo baba yake alipokuwa akimfunga ndama. Isale hilo lilikuwa lake. Yote ya mstari ule yalikuwa yake.

Ndekirwa alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anawakatia ng'ombe majani ya migomba kwa panga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Ng'ombe wakatafuna. Elisaria akageuka akayatazama masale ya mstari wa ndani.

"Nimekuja kuomba jani moja la isale."

"La kumpelekea nani?"

"La kukuletea wewe, kaka."

Ndekirwa akaweka panga chini. Alimtazama mdogo wake, mikono imevimba kwa upupu, matope mpaka magotini, na uso wake ukalegea.

"Hayo ni yako, mimi nilikuwa nakutunzia tu. Chuma, kisha rudi kwenye njia uingie upya, na mimi nitakaa hapa kana kwamba sijakuona."

Elisaria akachuma kwenye lile isale lililopinda. Akarudi kwenye njia. Lakini alipotaka kufunga fundo, loo, vidole vilikuwa vimesahau! Jani likamponyoka, akaliokota, likamponyoka tena. Ndekirwa alikuwa anatazama juu kwenye migomba kama alivyoahidi, ila uvumilivu ukamshinda.

"Pitisha ncha kwa chini kwanza, wewe!"

Akapitisha ncha kwa chini, fundo likakaza. Akaingia akiwa amelishika kwa mikono miwili, na Ndekirwa akalipokea kwa mikono miwili. Elisaria akalia. Hakulia kwa aibu peke yake. Alilia kwa sababu alikuwa amebaki mikono mitupu, kumbe yupo mtu aliyeshuka korongoni, baada ya kutukanwa, akayabeba mashina yale mgongoni moja moja, akayapanda, akayapalilia miaka yote hiyo, bila kujua kama mwenyewe atakuja kuyaulizia. Alisema asante. Alilirudia neno hilo mara nyingi, mpaka kaka yake akamwambia basi, twende tukamwone mtoto.

Aikande alitolewa kwa heshima. Baba yake mkubwa alimshikia kata, wakanywa, akamtamkia baraka, na wakwe wakapiga vigelegele hadi ng'ombe wakashtuka. Harusi ilipokwisha, ndugu wale wawili walibomoa ukuta wa upande wa mpaka wao. Pande nyingine waliziacha, maana ukuta haukuwa na kosa. Wakakata vipande vya yale masale ya mstari wa ndani, wakavichomeka mpakani na kaburini kwa babu yao, na kwa kuwa isale halina maringo, likishikwa na udongo wenye maji huchipua, yote yalishika. Jirani wa kulia, yule aliyecheka, alikuja mwenyewe kuomba vipande. Elisaria akampa, akampa na cha akiba.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja wetu ana kitu cha baba zake alichokibwaga korongoni siku alipokuwa anajenga ukuta wake. Mimi siwaulizi mlitupa nini. Nawauliza: yule aliyekiokota na kuwatunzia, mmekwisha kupanda kilima kwenda kumwambia asante?