Mji Usioomba

Mwaka wa sitini baada ya Kristo, katika mji wa Laodikia, aliishi mjane mfumaji, Trufena binti Menandro. Tetemeko la mwaka ule ni la historia. Mjane ni wa mfano wangu. Nyumba yake ilianguka, naye akamlaza mama yake, aliyevunjika nyonga, chini ya turubai la sufu kando ya barabara kuu.

Akaja Filoto, tajiri ambaye waamini walikuwa wakimega mkate nyumbani kwake.

"Dada Trufena, hamia machimboni, nyuma ya ukuta wa mji. Mjumbe wa Kaisari anapita hapa kesho."

"Si ndiye anayeleta fedha za kujengea, ndugu?"

"Tumezikataa. Laodikia haiombi."

"Mmezikataa nyinyi na nani? Mimi sikuulizwa."

"Usitutie aibu mbele ya mgeni."

"Aibu ipi hiyo, ya mama yangu kunyeshewa, au ya kuonekana ananyeshewa?"

Filoto akaahidi kumwombea, kisha akawaita watumwa wang'oe turubai.

Mvua ilinyesha machimboni siku tatu. Siku ya Bwana Trufena akaingia kwa Filoto, nguo zikimchuruzika, akamkuta ameinua mikono: "Bwana, twakushukuru, kwa kuwa hatupungukiwi na kitu." Waamini wote wakaitikia amina. Filoto akampa kipande cha mkate.

Trufena akakirudisha sahanini.

"Mama amefariki alfajiri," akasema. "Nilikuja kuomba watu wanne wa kumbeba. Kumbe nimekosea mji. Huku hakuombwi. Nitambeba mwenyewe."

Akatoka. Je, mnadhani yuko aliyenyanyuka kumfuata?

Ndugu zangu, tusiwacheke. Askofu alipotutembelea, sisi tulipaka chokaa ukuta wa mbele, tukatandika mazulia hadi madhabahuni. Wale akina mama wanaoketi langoni petu wakiomba kila Jumapili, nani aliwaambia wakae nyuma ya choo hadi mgeni aondoke? Aliyewaambia ni mtu wa humu humu, tena kwa jina la Bwana, na sisi tukaitikia amina.

Mwisho, nasahihisha jambo. Mhubiri aliyesimama hapa Jumapili iliyopita aliusifia mji ule, akasema kwamba Laodikia ilikataa msaada. Si kweli. Laodikia haikuulizwa. Waliokataa ni wale waliokuwa wamelala pakavu.