Mwambie Sipo

Kina mama, kabla sijaanza, hebu kila mmoja aangalie simu yake. Ninyi mliozizima kwa ajili ya ibada, Mungu awabariki. Na ninyi mliozizima tangu Alhamisi, siku ya marejesho, nanyi Mungu awabariki, maana mfano wa leo ni wenu.

Palikuwa na mwanamke mmoja. Jina sisemi, na hata mkinifuata pale nje chini ya kengele sitasema, ingawa nyote mnajua ninavyopenda kusema. Mume wake alikwenda machimboni akapotelea huko. Hakufa. Alipata pengine pa kulala. Akamwachia watoto, na akamwachia mama yake mzazi. Mama mkwe huyo alikuwa mtu wa sala, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata nyanya yake ikiwa na doa anamwonyesha mnunuzi lile doa kwanza.

Waliishi vipi? Jioni mwanamke alikaanga mihogo pale njia panda. Na kila baada ya muda ilikuja ile ruzuku ya kaya maskini. Si hela ya kununulia sofa, lakini yeye alijua kuitawala. Siku akiipokea alifunga mafundo kwenye pembe za kanga yake. Pembe hii unga. Hii madaftari. Hii kliniki ya mtoto na dawa ya miguu ya mama mkwe. Na ya nne mtaji: mihogo, mafuta na mkaa. Fundo la unga halikuguswa kwa ajili ya daftari, wala la daftari kwa ajili ya mafuta. Walikula mlenda leo, mlenda kesho, lakini walikula. Nani humu ndani ana adabu hiyo? Msinyooshe mikono, nitacheka.

Basi ikaja shughuli. Binti wa shoga yake anaagwa, anakwenda kuolewa. Wanawake wa mtaa wakachagua sare, kitenge cha maua ya dhahabu, mshono mmoja kwa wote, na mchango juu yake. Mama mkwe akamwambia:

"Mwanangu, vaa gauni lako la kijani. Pilau haiulizi sare."

"Mama, nikikaa na kijani changu peke yangu, watanisema."

"Watakusema, kisha watachoka."

"Hawa? Hawachoki, mama."

Na alisema kweli. Hatuchoki.

Akaenda kwa wale wanaoitwa kausha damu. Mnawajua, msijifanye mnatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Unaomba kiasi, unapewa pungufu, unarudisha zaidi, na kila Alhamisi wanakutaka. Akavaa maua ya dhahabu. Akacheza. Akatuza. Nasikia alipendeza sana siku ile, na hilo halimo kwenye mfano, nimeliongeza mimi.

Alhamisi ya kwanza akalipa. Iliyofuata akafungua fundo la mihogo ili alipe, na hapo ndipo alipojikata mguu wa kutembelea, maana mihogo ndiyo iliyokuwa inazaa. Akakopa kwa wengine awalipe wale. Akakopa kwa wengine tena awalipe hao. Akawa anachimba shimo jipya apate udongo wa kufukia la zamani. Mwishowe kanga ikabaki kanga tu, haina fundo hata pembe moja.

Ndipo pikipiki ya kijana wa marejesho ilipoanza kusikika kwenye kona. Mwanamke akiisikia anaingia uvunguni.

"Mama, mwambie sipo."

"Mwanangu, juzi nimeshiriki meza ya Bwana kwa mdomo huu huu. Niseme hupo na nyayo zako nazitazama?"

"Basi usinitazame."

Mama mkwe akageuza kigoda chake, uso barabarani, mgongo mlangoni. Kijana akafika.

"Shikamoo bibi. Mama yupo?"

"Marahaba. Hapa nilipokaa, simuoni."

Na kweli hakumwona! Cheka, mama, cheka, nami nilicheka nilipoisikia. Lakini sikilizeni uongo unavyokua. Ulianza kama kifaranga, unatosha kwenye kiganja. Wiki iliyofuata bibi akasema, "Kaenda gulioni." Wiki nyingine, "Yuko msibani." "Msiba wa nani, bibi?" "Wa mjomba wake." Na mjomba mwenyewe saa hiyo yuko kwake anakula ugali, hajui kwamba ameshazikwa. Kufikia mavuno yule mzee wa kanisa alikuwa hamezi hata mate kabla ya kudanganya.

Kijana naye hakuwa mjinga. Siku moja akaiacha pikipiki mbali, akamtanguliza dada mmoja mwenye sauti ya asali.

"Bibi, mimi ni mtoto wa dada yake. Nimetoka kwao, nimeleta dengu."

Bibi akafurahi, akaita ndani, "Toka, mwanangu! Dengu hizi!"

Akatoka. Hapakuwa na dengu. Walichukua karai la mihogo likiwa bado na mafuta ya jana. Mafuta yakadondoka njia nzima mpaka barabarani, kuku wakayafuata.

Tangu siku hiyo akaweka sheria. "Mama, akija mtu yeyote nisiyemjua, hata akiwa na sauti ya malaika, mwambie nimehama. Nimehama na watoto wote." Akaenda na kwa jirani wa ukuta mmoja: "Shoga, nisaidie. Nimehama." Jirani akasema, "Mbona umeshahama tangu jana!" Wakagonga mikono. Watu wazuri hawa, eti? Wanapendana.

Akabadilisha laini ya simu, maana ile ya zamani ilikuwa inalia kutwa. Akaacha mikutano ya mtaa, kwa sababu kijana wa marejesho hupenda kusimama pale nyuma, kidole gumba kimekaa kwenye honi. Akaacha hata kanisa, kwa kuwa kiongozi wa kwaya alikuwa mmoja wa wanaomdai. Mnaona? Alianza kwa kumkwepa mtu mmoja. Sasa anakwepa mtaa, anakwepa ndugu, na Mungu naye kaingia kwenye hesabu ya wanaokwepwa.

Alikuwa na tumaini moja tu. Walisikia kwamba ruzuku itafanya uhakiki, nyumba kwa nyumba, na kaya yenye biashara ndogo ikikutwa ipo itaongezewa mtaji. Usiku alimwambia mama mkwe, "Mama, huo mtaji ukija nanunua karai, naanza upya, nawalipa kidogo kidogo. Natoka uvunguni." Walisubiri siku hiyo kama watu wanavyosubiri mvua.

Siku ikatangazwa kwenye mkutano wa mtaa. Yeye hakuwepo. Ujumbe ukatumwa kwa simu. Ukaenda kwenye laini ya zamani.

Basi asubuhi moja, hodi. Ni dada mgeni.

Mwanamke uvunguni. Watoto wako shuleni, yule mdogo amelala kitandani juu yake. Bibi kwenye kigoda anachambua kisamvu.

"Shikamoo bibi. Namtafuta mama wa hapa."

"Marahaba. Kahama."

"Kahama? Mbona sina habari? Bibi, mimi natoka kwenye ruzuku. Ni uhakiki."

Bibi akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akacheka cheko la mtu aliyewahi kuumwa na nyoka. "Na dengu umeleta?"

"Dengu gani, bibi?"

"Kahama, mjukuu wangu. Usijichoshe."

"Na watoto? Yule mdogo aliyekuwa na uzito mdogo, bado anapelekwa kliniki?"

"Kawachukua wote."

Yule dada akatoa kalamu. Akasema kwa upole, "Bibi, nakuuliza tena. Nikiandika amehama, nimemfuta. Una hakika?"

Kule chini mwanamke alikuwa anasikia kila neno. Sauti ilikuwa nzuri. Akasema moyoni, safari hii wameajiri mwenye sauti nzuri kuliko yule wa kwanza. Akaingiza pembe ya kanga mdomoni, ile ambayo zamani ilikuwa na fundo la unga, akaing'ata asikohoe.

Jirani naye akachungulia juu ya ukuta, hakutaka kupitwa. "Kahama huyo! Sisi wenyewe tumemsindikiza stendi, godoro nimelibeba mimi kichwani!"

Na bibi, mzee wa kanisa, akanyoosha mkono wenye majani ya kisamvu juu mbinguni. "Mungu ni shahidi yangu."

Dada akashukuru, akaondoka.

Kina mama, tusimame hapa kidogo. Kila Jumapili tunaomba rehema itufikie majumbani mwetu. Tunalia, tunapiga magoti mpaka sketi zinatoboka. Je, mmewahi kujiuliza rehema ikifika inagongaje? Ina mlango wake wa pembeni? Inakuja na matarumbeta? Inagonga mlango ule ule wa deni, inasema hodi ile ile. Nasi mlangoni tumemweka nani, na tumemfundisha aseme nini?

Bibi akaingia ndani anacheka. "Mwanangu, hawa watu sasa wanafanya utafiti! Leo kaja mwingine, eti ananiuliza kama mdogo anakwenda kliniki."

Mwanamke akaitoa kanga mdomoni.

"Ameuliza nini, mama?"

"Kliniki. Uzito wa mtoto."

"Mama. Wa mikopo huuliza kliniki?"

Bibi akakaa chini palepale.

Mwanamke akatoka uvunguni kwa nguvu, chaga ikampasua paji la uso. Hakusimama kufuta damu. Akapita uani, akapita kwa jirani, akafika barabarani, kanga inamvuka, anapiga kelele, "Nipo! Jamani, nipo! Sijahama, nipo!" Milango yote ikafunguka. Wanawake wote wa maua ya dhahabu wakatoka kutazama. Yule aliyebeba godoro kichwani akarudisha kichwa chake ndani. Gari la yule dada wa ruzuku lilikuwa limeshapinda pale kwenye mashine ya kusaga, limebakiza vumbi tu.

Na kwenye kona, juu ya pikipiki, amekaa nani? Mnamjua.

"Karibu nyumbani, mama," akasema. "Safari ilikuwaje?"

Alikwenda ofisini, ndiyo. Hawakumfukuza. Walimwambia alete mashahidi kwamba hakuhama. Akamfuata jirani. Jirani akasema, "Shoga, mimi nilishasema umehama mbele ya mtu wa serikali, leo niseme nini? Nitafungwa." Akamgeukia mama mkwe. Mama mkwe alikuwa tayari kwenda, alikwenda kwa fimbo yake, alisema ukweli wote analia. Wakamuuliza kwa adabu, "Bibi, uliapa kwa Mungu kwamba amehama. Leo unaapa kwa nani?" Wakaambiwa wasubiri uhakiki mwingine. Hakuna aliyewaambia ni lini.

Sasa sisi. Ndiyo, sisi, msigeuke nyuma, nyuma ni ukuta.

Najua mtasema kosa lake ni sare. Kukopa kwa ajili ya kitenge ni ujinga, nami nakubali. Lakini kitenge kingelipika. Mihogo ya mwaka mmoja ingekilipa. Kilichommaliza ni siku ile ya kwanza alipoisikia pikipiki akaingia uvunguni. Angekaa mlangoni aseme, "Nipo. Sina leo. Chukua hiki kidogo, Alhamisi ijayo njoo tena." Angetukanwa? Angetukanwa sana. Tungesikia ukutani? Tungesikia, na tungepelekeana habari mpaka kisimani. Lakini angekuwa yupo. Mtu aliyepo anaweza kudaiwa, na anaweza kusaidiwa. Mtu asiyekuwepo hadaiwi wala hasaidiwi, anafutwa.

Nanyi mliochagua kitenge, je? Mliiona kanga yake haina mafundo. Mlimsema. Nani alimwambia, "Shoga, njoo na kijani chako, kaa karibu nami"? Na wewe wa kwaya, unayewakopesha wenzako kisha unawaimbia, sikutaji. Umejitaja mwenyewe, shingo imekulegea.

Nendeni nyumbani leo mfungue simu. Mwiteni yule mnayemkimbia, kabla hajaja. Mwambieni nipo, sina, nitalipa kidogo kidogo. Mtatetemeka. Tetemekeni, lakini mlangoni.

Mnataka kujua yuko wapi sasa? Najua mnataka. Ukipita pale, bibi bado yuko kwenye kigoda, ila amekigeuza, uso mlangoni, anamtazama mkwewe muda wote. Ukikohoa tu njiani anapiga kelele kabla hujasema hodi: "Yupo! Yupo ndani! Karibu!"

Juzi aliyeitikia karibu hiyo ni kijana wa marejesho. Aliingia, akatazama chumba chote, hakuona cha kuchukua. Akamwinua mtoto taratibu, akamlaza kwenye mkeka. Kisha akabeba kitanda.