Asubuhi ya Zamu ya Maji

Wapendwa, kulikuwa na mama mjane mwenye wana wawili watu wazima na shamba moja la maharage kando ya mfereji wa kijiji. Zamu yao ya maji ilikuwa asubuhi moja tu kwa juma. Mwenye zamu huzibua kipande chake cha mfereji mapema. Asipozibua, maji hugeuzwa kwa jirani. Miaka yote mama ndiye aliyezibua. Asubuhi hiyo magoti yalimgomea, na maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua.

Aliwakuta wanawe jikoni wanakunywa uji na kubishana, kama kawaida yao.

"Mchanga umejaa mferejini," aliwaambia. "Leo mimi siwezi."

"Usijichoshe, mama," alisema mkubwa. "Kama Mungu amepanga maji yafike, yatafika."

Mdogo akacheka. "Unamsikia? Uvivu wake anauita mpango wa Mungu. Mtu huchagua mwenyewe maisha yake."

"Basi wewe chagua, baba," mama alimwambia mdogo. " Jembe liko nyuma ya mlango."

"Naenda, mama. Ngoja nimjibu huyu kwanza."

Mama alikuwa amechoka hata kugomba. Aliketi nje kwenye kigoda, akasikia maji yakipita kwenda kwa jirani, na ndani ya nyumba wanawe bado wanajibizana.

Kabla ya zamu iliyofuata maua yakapukutika. Maharage yakakauka.

"Ilikuwa imepangwa," alisema mkubwa.

"Ungeacha ubishi ningewahi," alisema mdogo. Kisha akamgeukia mama. "Hebu tuamulie. Nani ana haki hapa?"

"Sijui, mwanangu. Mnapobishana, mimi huwa nawapikia."

Nawaona, wapendwa. Wengine hapo mmeshachagua upande, wa mkubwa au wa mdogo. Lakini ni nani kati yetu aliyeuliza habari ya yale magoti?

Sisi tunaojua sana kueleza Mungu amepanga nini na binadamu ameachiwa nini, nguvu za kubishana tunazipata wapi? Si kwenye chakula cha mtu aliyeamka kabla yetu? Hata anayesema kila kitu kimepangwa, mbona hajawahi kupangiwa kuosha sufuria?

Mengine tutamwuliza Mungu tukifika kwake. Leo, nyumbani kwako kuna mtu amechoka, na unamjua. Ukitoka hapa usimpelekee mahubiri yangu. Mwambie akae, kisha uulize kazi iliyobaki ni ipi.