Kiboko na Viazi vya Chini ya Tope

"Wa kwetu, mpo?"

"Tupo."

"Na masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo."

"Basi yategeni, namwaga."

Hapo kale palikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa na wenyewe. Hawakulirithi, hawakulinunua, walilitunza tu. Kila Jumamosi asubuhi Kanga aling'oa magugu, Kindi alipanda maua ukingoni, na Bi Nguchiro, mdogo kuliko wote, alipita akikagua. "Hapa safi. Pale bado." Akilitazama bwawa lao, kifua kilimjaa.

Jambo moja tu lilimkosesha raha: tope. Lilikuwa limejaa hadi maji yakabaki ya kufika magoti ya Kanga, na kiangazi kilikuwa kinakuja. Walilichota kwa vifuu, siku nenda siku rudi. Halikupungua.

Siku moja wakasikia tii, tii, tii. Kiboko huyo. Akala maua, nyam. Akala majani, nyam. Akala miche yote ya Kindi, nyam, kisha akajibwaga bwawani, pwaa.

"Kuanzia leo bwawa hili ni langu," akasema.

Kindi akaanza kulia. Bi Nguchiro akasogea.

"Karibu, Mzee. Umefuata viazi?"

"Viazi gani?"

"Basi, nimeropoka. Nisamehe, Mzee."

"Sema, wewe kadogo."

"Viazi vya yungiyungi, vitamu kama asali. Viko chini ya tope. Sisi wadogo hatuvifikii."

Kiboko akachimba. Chubwi, chubwi, tope pwaa nje.

"Sivioni."

"Hujafika chini, Mzee."

Siku ya pili akachimba. Chubwi, chubwi, tope pwaa nje.

"Sivioni."

"Hujafika chini, Mzee."

Huku nyuma Kanga na Kindi wanazoa tope, wanalitandaza ukingoni, wanapanda maua upya. Siku ya tatu meno ya Kiboko yakagonga mwamba, ngo.

"Viazi viko wapi?" akanguruma.

Bi Nguchiro akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mzee, umechimba kwa kelele mno. Vimekusikia, vimekimbilia mtoni. Kavivizie huko. Ila uzame, utoe macho na masikio tu, visikuone."

Kiboko akaenda mbio. Yuko huko mpaka leo, macho na masikio nje, anavizia.

Kiangazi kikaja, visima vikakauka. Bwawa halikukauka. Wanyama wa mbali wakaja kunywa, wakakuta maua yamechanua mpaka njiani.

"Nani kafanya kazi hii?" wakauliza.

"Sisi," akasema Bi Nguchiro, amesimama wima kwa miguu miwili ili aonekane. Kisha, kwa kuwa alipenda haki, akaongeza, "Na mwenzetu mmoja, amehamia mtoni."

Hadithi hii inatufunza, wanangu, kwamba uongo ni mbaya na ulafi ni mbaya zaidi. Basi msidanganye kamwe, isipokuwa tope likizidi. Na mtaani kwenu akitokea mlafi, msimfukuze kabla hajachimba.

Yangu yamekwisha. Aliyeshiba anyooshe miguu. Mwenye njaa bado, atusimulie yake.