Chumba cha Mbele na Madume Wawili

Hamjambo wote, wakubwa kwa wadogo? Sogeeni, mnyamaze kidogo. Wa njugu amalize kutafuna kwanza. Kesi hii ukikosa neno moja utahukumu vibaya.

Katika nyumba moja ya Pangani waliishi watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Nunu alijaliwa ubishi. Mdogo wake Mbarouk, fundi baiskeli, alijaliwa mikono isiyochoka. Shangazi yao Mafunda alijaliwa subira. Na juu yao wote alikuwa Ami Shaibu, mwenye funguo.

Nunu alikuwa ameachika, karudi kwao, analala ukumbini kwenye mkeka. Watu wanamruka asubuhi wakienda msalani. Alichotaka ni mlango mmoja tu wa kufunga mwenyewe. Na chumba cha mbele kilikuwa kitupu, kimepigwa kufuli.

Siku moja akanunua samaki wawili wadogo, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, akawatia kwenye tangi la kioo la maji ya chumvi. "Nitawazalisha," akasema.

Ami Shaibu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Samaki wa bahari azae ukumbini kwangu? Atakayewazalisha nampa chumba cha mbele. Mashahidi ni nyinyi."

Aliyemuuzia akapita, akachungulia tangi. "Dada, hawa wote madume. Lete nikubadilishie."

Mtaa ukapata la kusema: Nunu kaoza madume.

"Hawarudi," akasema Nunu. "Mimi nilirudishwa, najua kunavyouma."

Kumbe samaki hawa huanza wote madume, na pasipo jike, mkubwa wao hugeuka jike. Miezi ikapita. Mmoja akanenepa, akawa anamfukuza mwenzake, na asubuhi moja mayai yakaonekana, yamebandikwa kwenye chungu ndani ya tangi, madogo kuliko mtama. Asingekuwa Nunu, yangetoka wapi?

Basi umeme ukakatika. Mashine ya kutilia tangi hewa ikazima, na mayai yakikosa hewa yanakufa. Mbarouk akachukua pampu ya baiskeli, akaifunga mpira mwembamba, akautumbukiza majini. Akapampu tangu asubuhi. Wateja wakamkuta hapo.

"Mbarouk, unaitia bahari upepo?"

"Naitia. Wewe kajaze tairi lako kwa mdomo."

Akabadilisha mkono, akaendelea, mpaka umeme uliporudi jioni. Asingekuwa Mbarouk, yangeanguliwa mayai gani?

Yakaanguliwa. Vitoto vyembamba kama nyuzi, havili chakula cha dukani, vinataka vidudu hai, vidogo hata jicho halivioni vizuri. Shangazi Mafunda alishaviomba kwa wafugaji wa kamba wa baharini, anavifuga uani kwenye ndoo za maji ya kijani.

"Mafunda, ndoo zako zinanuka," majirani walimwambia.

"Zinanuka, ndiyo. Zibeni pua, mimi sizimwagi."

Akavilisha kidogo kidogo, kutwa mara nyingi, mpaka mistari myeupe ikavitokea. Asingekuwa Mafunda, vingekua kwa kula nini?

Ami Shaibu akaitwa. Akatazama tangi, akatazama tena, akaweka ufunguo mezani.

"Nilisema atakayewazalisha. Mtu mmoja. Mkishindwa kumtaja, kufuli inabaki palepale."

"Dada," akasema Mbarouk, "wakwe zangu wanauliza, nikimuoa binti yao, mwali atalala wapi."

"Na mimi chumba changu cha uani kinavuja, kifua kinanibana," akasema Mafunda. "Mtaniweka pakavu lini, nikishakuwa maiti?"

Nunu anawapenda wote wawili, na chumba anakitaka kuliko wote wawili. Kisha akauchukua ule ufunguo.

"Weka chini," akasema Ami Shaibu.

"Siweki. Kufuli haibaki, Ami. Leo inafunguka, hata kama si kwangu."

Akafungua. Mlango ukasukumwa, vumbi likatoka. Watatu wakasimama kizingitini, Nunu katikati, na hakuna aliyetanguliza mguu.

Je, wewe ungeamua vipi? Aingie nani? Mimi natoka, nguo zangu ziko kambani na wingu limeshuka. Bishaneni. Nikirudi nataka jina moja na sababu yake, na msiniambie wagawane, chumba chenyewe kinatosha kitanda kimoja.